Siku Moja Tivoli: Tuanze na Lipi?

Mtu akialikwa na jamaa zake wanaoishi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, haitapita juma moja kabla hajapelekwa Tivoli. Bustani hiyo ya burudani iko katikati ya mji, baina ya stesheni kuu ya reli na jumba la halmashauri ya jiji, kiasi kwamba msafiri anayetoka stesheni na mizigo yake husikia mayowe ya watu walio juu hewani kabla hata hajauona mji wenyewe. Ukubwa wake si wa kutisha: ni kama hekta 8 tu. Lakini katika hekta hizo yamesongamana mambo mengi mno, na siku ni moja, na fedha ni zile zile zilizokwisha kuhesabiwa mezani usiku uliopita. Basi suali linalowakabili wenye nyumba na mgeni wao si kama Tivoli ni pazuri au si pazuri. Suali ni hili: tuanze na lipi, na lipi tuliache?

Ndugu msomaji asidhani kuwa hilo ni suali la watoto. Nimeona watu wazima wakigombana mbele ya lango kwa sababu yake, baba akitaka hiki na mama akitaka kile, na mgeni wa heshima amesimama kando akiwatazama njiwa.

Tuanze na lango lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo fedha hutoka. Tivoli hulipiwa kwa namna mbili. Kwanza kuna kiingilio, ambacho kila mtu hulipa ili aingie bustanini. Kisha kuna malipo ya vyombo vya kupanda na kuzungushwa, na hayo hulipwa ama chombo kimoja kimoja kwa tikiti, ama kwa pasi ya siku nzima inayomruhusu mtu kupanda kila kitu kadiri apendavyo. Pasi ina bei kubwa, na ndiyo inayowavutia watu wengi, kwa hesabu kwamba mtu akipanda mara nyingi atakuwa amefaidi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kijana wa miaka 15. Kwa familia yenye bibi wa miaka 70 na mtoto wa miaka 4 hesabu hiyo ni mtego. Aliyenunua pasi huona kila dakika asiyokuwa juu ya chombo ni fedha inayopotea, naye huanza kukimbia kutoka foleni hii hadi ile, huku bibi ameachwa juu ya benchi amepakata makoti ya watu wote.

Kiingilio peke yake kinaleta zaidi ya wanavyofikiri wengi. Ndani ya kiingilio mna maua, ziwa, bendi, gwaride la watoto, uwanja wa kuchezea wa Rasmus Klump, ambaye ni dubu wa katuni anayependwa sana na watoto wa Denmark, na mna maigizo ya uwanjani. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni kugawa: kiingilio kwa wote, pasi kwa wale wenye umri wa kuifaidi, na tikiti chache za moja moja kwa waliobaki. Na chakula kifungwe nyumbani. Tivoli hawakatazi mtu kuja na kikapu chake, na bei ya mikahawa ya ndani inaweza kummeza mtu mshahara.

Sasa tuje kwenye utaratibu wenyewe. Vitu vya Tivoli vimegawanyika mafungu mawili: vile vinavyokungoja na vile visivyokungoja. Bembea na vigari vyote hukungoja. Ukivikosa saa sita utavikuta saa kumi, na ukivikosa saa kumi utavikuta usiku. Maonyesho hayangoji. Yana saa yake, na saa ikipita yamepita. Ajabu ni kwamba karibu kila mgeni hufanya kinyume: hukimbilia vyombo kwanza kwa sababu vinapiga kelele na kuonekana kutoka mbali, na akikumbuka maonyesho huwa pazia limekwisha kufungwa. Mwenye busara hupita kwanza kwenye ubao wa ratiba, akaziandika saa za maonyesho ya siku hiyo katika karatasi, ndipo akajaza vyombo katika nafasi zinazobaki. Na saa ya maonyesho makubwa ina faida nyingine: umati ukikusanyika huko, foleni za vyombo hupungua, na vijana wasiopenda maigizo wanaweza kwenda kupanda bila ya kungoja sana.

Katika maonyesho yote, la kutangulizwa ni lile la Jumba la Maigizo ya Bubu. Nasema hivyo bila kusita. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1874 na msanifu Vilhelm Dahlerup, kwa mtindo wa Kichina kama ulivyofikiriwa na watu wa Ulaya wa zama zile. Jukwaa liko ndani ya jumba, lakini watazamaji wako nje, chini ya mbingu. Pazia lake ni mkia wa tausi. Saa ikifika, mkia ule mkubwa uliochanua hukunjuka pande mbili, manyoya yakashuka polepole, na jukwaa likafunuliwa. Watoto hupiga makofi kwa pazia tu, mchezo haujaanza.

Na mchezo wenyewe hauna maneno. Unatokana na maigizo ya kale ya Italia, yaliyoletwa Denmark mwanzoni mwa karne ya 19 na familia za wasanii, akina Casorti kutoka Italia na akina Price kutoka Uingereza. Wahusika ni wale wale miaka yote: Harlequin mwenye nguo za viraka na fimbo yake, Columbine anayependwa naye, mzee Cassander anayetaka kumwoza binti kwa mtu mwenye mali, na Pierrot, mtumishi wa mzee, mwenye nguo nyeupe na uso uliopakwa weupe, mlafi, mvivu, asiyefanya jambo likanyooka. Msomaji wetu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mzee anayetaka mahari nono, binti mwenye moyo wake, mtumishi anayeonja chakula kabla ya bwana: hadithi hii inajulikana kila mahali penye ndoa na jiko.

Nilisimama hapo majira ya kiangazi karibu na familia moja ya Kikongo. Denmark imewapokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili si kigeni katika treni za huko. Mama wa mwenye nyumba alikuwa amekuja kuwatembelea, amejifunga kitenge na kuvaa koti la mkwewe juu yake. Wajukuu zake wawili walizungumza Kidenmark wao kwa wao, naye akawa anawaangalia midomo. Ilikuwa dhahiri kwamba tangu alipofika alikuwa akikaa katikati ya mazungumzo asiyoyasikia, na kila kichekesho kilimfikia baada ya kutafsiriwa, yaani baada ya kupoa.

Mjukuu wa kiume alikuwa akimvuta mama yake mkono. "Mama, foleni bado fupi! Twende kwenye vigari!"

"Ngoja kwanza," mama akamjibu. "Tutakwenda pamoja na baba yako baadaye. Sasa tunatazama na bibi."

Mkia wa tausi ukashuka. Pierrot akatokea, akaiba nyama ya bwana wake, akaificha ndani ya suruali, na bwana akamwita huku ile nyama ikimteleza mguuni. Yule mama mzee alicheka. Alicheka wakati ule ule waliocheka Wadenmark wote, wala si baada yao, akampiga mjukuu wake begani, akamwambia kwa Kiswahili, "Mwangalie! Huyu ni kama mjomba wako!" Mtoto, ambaye dakika tano zilizopita alitaka kukimbia, akauliza, "Mjomba yupi, bibi?" Na wakaendelea hivyo hadi mwisho wa mchezo, bibi akisimulia habari za mjomba na mtoto akiuliza.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kulitanguliza jumba hilo. Mgeni asiyejua lugha ya nchi huchoka kuliko wanavyojua wenyeji wake, na hapo kwa muda mfupi hana haja ya mkalimani. Michezo mingine ya Tivoli inayosemwa kwa Kidenmark, hata ikiwa ni mizuri namna gani, ingemrudisha kulekule kwenye kutazama midomo.

Baada ya mchezo, msiondoke haraka. Ni desturi ya miaka mingi kwamba Pierrot hutokea mbele ya pazia na watoto humpigia kelele wakitaka aseme neno. Katika jumba lile lile huchezwa pia ngoma za baleti. Malkia Margrethe wa Pili, aliyeachia kiti cha enzi mwaka 2024, aliwahi kubuni mavazi na mapambo ya jukwaa kwa michezo ya Tivoli. Si kila nchi ambayo malkia wake huketi na mkasi na rangi akiwatengenezea wananchi burudani.

La pili lisilongoja ni gwaride la Kikosi cha Tivoli. Hiki ni kikosi cha watoto na vijana, kilichoanzishwa mwaka 1844, chenye sare nyekundu na kofia ndefu za manyoya kama za walinzi wa mfalme. Wana bendi yao na gari lao la farasi, na hupita njiani siku maalumu za juma. Hapana haja ya kutafuta kiti. Simameni penye kona, nao watawapitia.

Kuhusu muziki wa Ijumaa nitatoa tahadhari. Tangu mwaka 1997, Ijumaa za kiangazi huwa na tamasha kubwa la wanamuziki uwanjani, na bustani hujaa. Kwa vijana ni neema. Kwa mwenye mtoto mdogo au mzazi mzee, Ijumaa jioni si siku ya kwenda Tivoli. Chagueni Jumanne.

Tukija kwenye vyombo, hapo kila mtu na moyo wake, lakini na kimo chake pia. Mbele ya kila chombo pana alama ya kimo, na mtoto asiyeifikia hapandi, hata akilia. Ni vyema mzazi akampima mtoto nyumbani, ukutani, kabla hajamwahidi chochote. Ahadi inayovunjwa na kijiti cha kupimia mbele ya watu ni chungu sana kwa mtoto.

Ikiwa mtapanda kimoja tu, basi na kiwe Rutschebanen, reli ya milima ya mbao iliyojengwa mwaka 1914. Vigari vyake hupandishwa mlimani, vikaachwa vishuke, vikapanda tena na kushuka tena, vikipita katika mapango ya giza. Jambo lisilopatikana tena katika sehemu nyingi za ulimwengu ni mtu wa breki. Reli za siku hizi huendeshwa kwa mitambo inayopunguza mwendo yenyewe. Hapa breki imo ndani ya gari, na mfanyakazi husafiri pamoja na abiria, ameketi katikati yao, akiivuta pale anapoona mwendo umezidi. Anaijua reli kama dereva wa lori anavyoujua mlima wa kwao. Chombo hiki kina kasi ya kutosha kumfanya kijana apige kelele, nacho hakimgeuzi mtu kichwa chini miguu juu. Kwa hiyo baba, mama na mwana wanaweza kuketi pamoja.

Anayetaka kugeuzwa kichwa chini na aende Dæmonen, reli ya chuma iliyofunguliwa mwaka 2004, inayompindua abiria mara 3 huku miguu yake ikining'inia pasipo sakafu. Mwendo wake hufikia kilomita 77 kwa saa. Safari yote ni fupi kuliko foleni yake, na kwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu sioni sababu ya kuifanya. Kilicho bora kuliko hicho, kwa maoni yangu, ni Himmelskibet, bembea za minyororo za mwaka 2006 zinazopandishwa hadi mita 80 na kuzungushwa juu ya paa za mji. Kelele zote hubaki chini. Siku isiyo na ukungu mtu huona bahari iliyo baina ya Denmark na Uswidi. Vyombo vya namna hii hufungwa upepo ukizidi, kwa hiyo mkikuta hali ya hewa ni njema, msikiahirishe.

Kwa bibi na mtoto wa miaka 4 kuna vitu viwili ambavyo wenye pasi huvipita wakicheka. Kimoja ni bembea ya maputo, gurudumu lenye vikapu lililowekwa mwaka 1943 bustani ilipotimiza miaka 100. Linazunguka polepole na kuwainua wote juu ya miti. Cha pili ni Sanduku Linaloruka, la mwaka 1993, ambamo watu huketi katika masanduku yanayopita gizani mbele ya sanamu zinazocheza hadithi za Hans Christian Andersen. Mwandishi huyo mwenyewe alifika Tivoli katika majira yake ya kwanza kabisa, mwaka 1843.

Hapo yafaa kusema machache juu ya asili ya mahali penyewe. Mwanzilishi wake, Georg Carstensen, alizaliwa mwaka 1812 mjini Algiers, katika bara letu, baba yake akiwa mwakilishi wa Denmark huko. Husimuliwa kwamba alipoomba ruhusa kwa Mfalme Christian wa Nane alimweleza kuwa watu wakiburudika hawafikirii siasa. Ruhusa ilitolewa, na lango likafunguliwa tarehe 15 Agosti, 1843, nje ya kuta za mji. Ziwa lililomo bustanini ni kipande cha handaki la maji lililozunguka ngome. Mwaka 1944, Denmark ikiwa chini ya utawala wa kijeshi wa Wajerumani, wahujumu waliowaunga mkono wavamizi waliilipua bustani usiku na kuteketeza ukumbi wake wa muziki, lakini baada ya majuma machache watu waliingia tena. Walt Disney alikuja kuitazama mwaka 1951, na miaka 4 baadaye akafungua bustani yake huko Marekani.

Lakini neno "maonyesho" lina historia nyingine hapo Tivoli, na mzazi wa Kiafrika afadhali aijue kabla ya kuingia. Mwaka 1905 yalifanyika bustanini maonyesho ya makoloni ya Denmark. Pamoja na vitu vya mikono na mazao, waliletwa watoto wawili weusi kutoka kisiwa cha St. Croix, katika visiwa vya Karibi ambavyo wakati ule vilikuwa mali ya Denmark: Victor Cornelins, mwenye umri wa miaka 7, na Alberta Roberts, mwenye umri wa miaka 4. Victor alikuwa mtoto mchangamfu, akizungukazunguka kutazama vitu vya wengine. Ili asitoroke, yeye na Alberta waliwekwa ndani ya kizimba, na watu waliolipa kiingilio wakapita kuwatazama. Hawakurudishwa kwao. Alberta alikufa kwa kifua kikuu akiwa bado msichana. Victor alikua, akasomea ualimu, akafundisha miaka mingi katika mji wa Nakskov, akawa naibu wa mwalimu mkuu na mwanamuziki anayeheshimiwa, akafariki mwaka 1985. Visiwa vyenyewe viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917.

Je, watoto waambiwe? Yule wa miaka 4 hapana. Siku yake iwe ya maputo. Lakini aliyetimiza miaka 10 au 12 na ambaye anasoma historia shuleni huko, mimi ningemwambia, mchana, wakati wa kula kile kilichofungwa nyumbani, bila ya kupaza sauti. Atayasikia siku moja kwa mtu mwingine, na ni heri ayasikie kwa mama yake hali wameketi juu ya majani pale pale, wamelipa kiingilio chao, nao ndio watazamaji. Wengine watasema habari hiyo inaharibu matembezi. Yule mjukuu wa Kikongo aliyekuwa akivuta mkono hakuonekana kuwa mtoto wa kuharibikiwa kwa urahisi.

Limebaki jambo la usiku. Wageni wa kwetu tumezoea jua litue saa kumi na mbili na nusu, giza liingie mara moja. Mwezi Juni huko Copenhagen jua hutua karibu na saa nne za usiku, na mwanga hukawia zaidi ya hapo. Taa za Tivoli, ambazo ni maelfu kwa maelfu, zimepangwa juu ya miti, kando ya ziwa na kwenye mapaa, wala hazionekani uzuri wake mpaka giza liingie. Anayefika asubuhi lango linapofunguliwa na kutaka kukesha hadi taa ziwake atakuwa na mtoto aliyelala begani na mzee aliyevimba miguu. Ni afadhali kufika baada ya chakula cha mchana na kuutazama mchezo wa bubu wa kwanza utakaopatikana. Kisha wenye pasi waende zao, wengine wakae kwenye maua, na wote wakutane ziwani kwa saa waliyoagana. Anayesafiri mwezi Agosti au Septemba ana nafuu, kwa kuwa giza huingia mapema.

Na koti lisisahauliwe, hata kama mchana kulikuwa na jua kali. Upepo wa baharini huingia mjini usiku, na mtu aliyetoka Bujumbura au Mombasa huanza kutetemeka wakati Wadenmark bado wako mikono wazi wakila barafu ya maziwa. Stesheni iko ng'ambo ya barabara. Treni za vitongojini huendelea hadi usiku mwingi, kwa hiyo hapana haja ya kuondoka kabla taa za ziwani hazijawashwa.